Jeti Angani Hupigwa Picha na Nani? Jinsi Ndege ya Kamera Inavyochaguliwa

Kila shirika la ndege la ukanda wetu linapotangaza ndege mpya, mitandaoni hufuata mabishano yaleyale. Picha inaonyesha jeti juu ya mawingu, jua limeipiga ubavuni, rangi za shirika zinang'aa, hata maandishi madogo ya pembeni mwa mlango yanasomeka. Mmoja anauliza: huyu aliyepiga alikuwa amekaa wapi? Wa pili anajibu ni droni. Wa tatu anasema hakuna cha droni wala nini, hiyo kompyuta tu. Wa nne, ambaye hakosekani, anasema satelaiti.

Anayesema kompyuta hajakosea sana. Picha nyingi zinazotolewa siku mkataba wa ununuzi unapotiwa saini ni za kuchora, kwa sababu siku hiyo ndege yenyewe haijaundwa. Lakini picha na video za kweli zipo, nyingi tu, na karibu zote zimepatikana kwa njia moja: pembeni ya jeti kulikuwa na ndege ya pili, na ndani ya hiyo ndege ya pili kulikuwa na mtu mwenye kamera. Hiyo ya pili ndiyo ndege ya kamera. Kuichagua ni kazi ngumu kuliko kuchagua kamera yenyewe, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno mawili. Jeti ni ndege inayosukumwa na mkondo wa gesi unaotoka nyuma ya injini, haina panga linaloonekana likizunguka nje. Boeing 787 ni jeti, Airbus A220 ni jeti, na ndege za kivita kama F-16 ni jeti. Pangaboi ni ile yenye mapanga mbele ya injini: Caravan inayokuvusha kwenda Zanzibar, au zile Bombardier Q400 zilizoingia Tanzania mwaka 2016 zikapokewa na kejeli kwamba ni "pangaboi tu". Kejeli hiyo haikuwa na haki, na utaona mbele kwamba katika kazi hii pangaboi wakati mwingine humshinda jeti.

Droni na satelaiti tuzimalize haraka. Droni ya kawaida, hii inayopiga picha za harusi, hukimbia kama kilomita 70 kwa saa. Jeti ya abiria hata ikiwa dakika ya mwisho kabla ya kugusa uwanja bado iko kwenye 250 hivi. Droni hiyo ingeachwa kabla mwenyewe hajabonyeza kitufe, mbali na kwamba kuirusha karibu na ndege yenye watu ni kosa la jinai karibu kila nchi. Satelaiti nayo iko mamia ya kilomita juu na inatazama chini. Ubavu wa ndege haiuoni.

Kasi mbili lazima zikutane

Chukua mabasi mawili yanayokwenda sambamba kwenye Barabara ya Morogoro, pale Kimara kuelekea Kibaha palipo na njia nyingi. Yote yako kwenye 80. Ukiwa umekaa dirishani unamwona abiria wa basi la pili kama amekaa sebuleni kwako. Unaona anakula mahindi, unaona hata rangi ya kofia ya mtoto wake. Miti na nguzo za umeme nyuma yake ndizo zinazokimbia. Basi moja likipunguza mpaka 60, yule abiria anayeyuka mbele ya macho yako.

Angani mambo ni hayohayo, isipokuwa kwa jambo moja: basi linaweza kupunguza mpaka sifuri, ndege haiwezi. Bawa linabeba uzito kwa sababu hewa inapita juu na chini yake kwa kasi ya kutosha. Kasi ikishuka chini ya kiwango fulani, bawa huacha kubeba na ndege huanza kuanguka. Kwa hiyo kila ndege ina kasi ya chini isiyoweza kushuka zaidi, na kasi ya juu isiyoruhusiwa kupita. Kati ya hizo mbili ndipo inapoishi.

Sasa weka ndege mbili. Ili picha ipatikane, lazima kuwe na kasi ambayo zote mbili zinaimudu kwa raha. Swali la kwanza la kuchagua ndege ya kamera ni hilo, na ndilo watu wengi huligeuza kichwa chini. Wanauliza: jeti hii inakimbia 900 kwa saa, tutapata wapi ndege ya kuifukuza? Hakuna anayetaka kuifukuza. Swali ni jeti hiyo inaweza kwenda polepole kiasi gani bila rubani wake kutokwa jasho.

Hapa kuna jambo linalochanganya hata watu waliosoma fizikia. Ile 900 ya jeti ya abiria ni kasi ya huko juu kabisa angani, kilomita 11 kutoka ardhini, ambako hewa ni nyepesi mno. Bawa halijui kilomita kwa saa, linajua ni hewa kiasi gani inalipiga. Huko juu, ndege inayokata 900 bawa lake "linasikia" kama 500 tu, na kipimo cha rubani kinaonyesha hivyo hivyo. Ukiishusha jeti mpaka mita 3,000, ambako hewa ni nzito zaidi, inaweza kuruka kipimo kikisoma 450 ikiwa imetulia kabisa, bila kutoa kitu chochote nje ya bawa. Mtazamaji wa picha hawezi kujua. Anaona mawingu chini, anaona bluu juu, anadhani ndege iko safarini Guangzhou. Kumbe iko chini kiasi hicho, imepunguza mwendo, inamsubiri mpiga picha.

Kasi nitakazotaja kwa ajili ya kulinganisha ni za makadirio, nimezigeuza kutoka vipimo vya marubani kuwa kilomita kwa saa ili tusizungumze kwa mafumbo.

Jeti kubwa ya abiria isiyo na mzigo hushuka mpaka karibu 400 ikiwa bado safi, maana yake flapu, yale mapande ya nyuma ya bawa yanayotoka wakati wa kutua, na magurudumu vimefungwa ndani. Jeti ya kivita inaweza kushuka chini ya hapo, lakini pua yake huinuka juu, inaanza kukokotwa na uzito wake, na rubani anakuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: kutoiangusha na kutokugonga. Hupendelea 450 na kwenda juu. Upande wa pili, helikopta ndogo kama AS350, ambayo watu wengi huitaja kwanza kwa sababu wanaiona kwenye filamu, hairuhusiwi kupita 287. Kwa hiyo helikopta na jeti angani hazikutani, labda helikopta ipige jeti ikipita mara moja kama umeme. Caravan mwisho wake ni kama 320. Pilatus PC-12, ile ambayo Amref Flying Doctors huitumia kubebea wagonjwa, inafika 440 hivi. King Air B200 yenye injini mbili inafika 480. Learjet za zamani, jeti ndogo za biashara, zinapita 550. L-39, jeti ya mafunzo ya viti viwili iliyobuniwa Czechoslovakia ambayo hata jeshi la anga la Uganda limekuwa nayo, inaweza kupita 700 na pia ikashuka karibu na 250 bila kulalamika.

Ukiyatazama maelezo hayo utaona kwa nini L-39 imependwa. Upana wake wa kasi umemeza wa karibu kila mtu.

Kuna ujanja wa kuongeza sentimita mbili tatu pale kasi zinapokaribia kukutana bila kukutana. Jeti huombwa ije na mafuta kidogo, kwa sababu ndege nyepesi inaweza kwenda polepole zaidi. Ndege ya kamera nayo hupanda juu kidogo kisha hupiga picha ikiwa inashuka taratibu, ili mteremko uisaidie kukimbia. Njia ya mwisho ni jeti kutoa flapu. Flapu huipa ndege uwezo wa kuruka polepole, lakini huharibu picha. Mwenye ndege amelipa ili ndege yake ionekane inachana anga, wewe unamletea picha inayoonekana kama inatafuta uwanja wa kutua. Nimeona picha za namna hiyo zikitumika kwenye matangazo, na sijui nani alizipitisha.

Tundu la kupigia

Tuseme kasi zimekutana. Swali la pili: kamera itatazama kupitia wapi?

Ndege inayokwenda haraka na juu ina kabini iliyofungwa na kujazwa hewa, ili watu wapumue. Maana yake hufungui kitu. Utapiga kupitia dirisha, na dirisha la ndege ni adui. Ni tabaka kadhaa za plastiki ngumu, zimepinda kufuata umbo la mwili wa ndege, zina mikwaruzo ya miaka na rangi ya kijani kidogo. Lenzi ikikaa mshazari, picha inavutika. Ukiweka kichujio cha kupunguza mng'ao wa jua, kile ambacho wapiga picha wa mandhari wanakipenda, plastiki inatoa mistari ya upinde wa mvua juu ya picha yote. Shati jeupe la mpiga picha linajitokeza kwenye dirisha kama mzimu, ndiyo maana wenye uzoefu huvaa nyeusi mpaka glavu. Na ukiegemeza lenzi kwenye plastiki ili kuua mng'ao, mtetemo wa ndege unaingia moja kwa moja kwenye kamera.

Kwa hiyo picha safi kuliko zote ni ile inayopigwa bila kitu chochote kati ya lenzi na jeti. Hapo ndipo pangaboi anarudi kwa heshima zake. Barani Ulaya wapiga picha wamependa sana Short Skyvan, ndege iliyoundwa Belfast, Ireland ya Kaskazini, yenye umbo la sanduku ambalo hakuna aliyewahi kulisifia. Uzuri wake uko nyuma: mlango mkubwa wa mizigo unaofunguka ikiwa angani. Wapiga picha hukaa sakafuni wamejifunga mikanda ya mwili mzima, miguu ikitazama nje, na jeti inakuja nyuma yao ikiwatazama usoni. Ukitaka picha ya jeti ikikujia, pua mbele, mabawa yote mawili yakionekana, hakuna mahali bora. Na rubani wa jeti naye anafurahi, kwa sababu kufuata ndege iliyo mbele yako ndiko kuruka sambamba alikofundishwa.

Tatizo la Skyvan ni hilo la kasi: mwisho wake ni 320 hivi. Jeti za mafunzo zinamudu. Za kivita nyingi zinamudu kwa shida, pua juu, kwa dakika chache. Boeing 787 hapana, sahau.

Hewa inayoingia mlango ukiwa wazi nayo si mzaha. Joto hupungua kwa nyuzi zaidi ya 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo ukitoka Dar ukiwa na nyuzi 30, mita 3,000 juu utakuta kama 10, na upepo juu yake. Vidole hufa ganzi kabla ya kadi ya kamera kujaa. Kikinga jua cha mbele ya lenzi huvuliwa chini kabisa kabla ya kuondoka, maana upepo ukikikamata unaweza kukichomoa ukakirushia ndege iliyo nyuma. Pete ya kuvutia picha hufungwa kwa utepe. Kamera hufungwa kwa kamba kwenye mwili wa mpiga picha, na mifuko yote hufungwa zipu. Kifuniko cha lenzi, kile kidude cha plastiki, kikiingia kwenye injini ya jeti hakitabaki kidude tena.

Wamarekani kwa miaka mingi walitumia B-25, ndege ya mabomu ya Vita Kuu ya Pili. Mkiani kulikuwa na kiti cha mpiga bunduki. Bunduki ikaondolewa, kamera ikakaa. Inasafiri kwa kama 370, na mkia huo ulio wazi unatoa mandhari kama ya Skyvan. Filamu nyingi za zamani za ndege zilipigwa hivyo. Wanaopiga ndege za zamani za panga hutumia pia Bonanza A36 ambayo milango yake ya nyuma huondolewa kabisa, lakini kwa jeti hiyo ni polepole mno.

Njia ya tatu ni kuikwepa habari ya dirisha kwa kuitoa kamera nje na kumwacha mtu ndani. Rubani wa Marekani Clay Lacy alijulikana kwa Learjet yake iliyofungwa periskopu juu na chini ya mwili, kamera ikiwa ndani ya kabini na jicho lake likiwa nje; mfumo huo uliitwa Astrovision, na mashirika mengi ya ndege duniani yalipigiwa matangazo nayo. Siku hizi hufungwa tufe lenye kamera kwenye pua ya ndege, linalojisawazisha lenyewe hata ndege ikitikisika, na mpiga picha hukaa nyuma na skrini na usukani mdogo kama wa mchezo wa video. L-39 yenye tufe hilo puani ndiyo iliyotumika kwenye filamu ya Top Gun: Maverick ya 2022, pamoja na jeti ndogo ya biashara ya Embraer Phenom 300. Kwa video hakuna kinachoshinda mpangilio huu. Kwa picha mnato bado wengi wetu tunapenda kushika kamera kwa mkono, na nadhani tutaendelea kupenda hata tukiambiwa tumepitwa na wakati.

Ipo na njia ya kukaa kiti cha nyuma cha jeti ya kivita yenyewe. Kasi hapo si tatizo tena: F-16 ya viti viwili ikiruka na F-16 ya kiti kimoja, zinafanana kwa kila hali. Mjapani Katsuhiko Tokunaga amejijengea jina duniani kwa kazi ya namna hiyo. Lakini unapiga kupitia kifuniko cha kioo kilichopinda pande zote, bawa lako liko kwenye nusu ya picha, umefungwa kwenye kiti cha kufyatuka, kile kinachomrusha mtu nje ya ndege ikiharibika, ambacho ni lazima ufundishwe kukitumia, na ndege ikikata kona kwa nguvu uzito unazidishwa. Kamera na lenzi ya kilo 3, kona ikiwa ya mara nne ya uzito wa kawaida, inakuwa kilo 12 mbele ya uso wako. Jaribu kuinua ndoo ya maji ya kiasi hicho ukiwa umenyoosha mikono, halafu uangalie fokasi.

Kitu kimoja ambacho wasomaji wanaojua kamera watauliza: kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga uingie. Ukipiga pangaboi unalazimika kupunguza mpaka karibu 1/125 ya sekunde ili mapanga yaonekane yanazunguka, la sivyo ndege inaonekana kama imezimika angani. Jeti haina mapanga, kwa hiyo unaweza kupanda 1/1000 na picha ikawa kali kama wembe. Ni nafuu pekee ambayo jeti inampa mpiga picha.

Ndege polepole iliyopiga ndege ya kasi kuliko sauti

Kuna tukio linaloonekana kuvunja kila nilichosema. Mwaka 2019 NASA ilitoa picha za jeti mbili za T-38 zikiruka kwa kasi kuliko sauti, mawimbi ya mshtuko yakionekana kabisa yakitoka puani na kwenye mabawa na kukutana. Ndege ya kamera ilikuwa King Air B-200. Pangaboi.

Siri ni kwamba hazikuruka sambamba. King Air ilikuwa juu, kama mita 9,000, kamera ikitazama chini, na zile T-38 zilipita chini yake umbali wa mita 600 hivi kwa sekunde chache. Kazi yote ilikuwa ni saa: jeti zifike mahali hasa, wakati hasa. Kwa picha ya kisayansi njia hiyo inafaa. Kwa picha ya tangazo, ambako mteja anataka jua lipige nembo na mlima uonekane nyuma, utahitaji dakika, tena nyingi, na dakika hupatikana kwa kuruka sambamba tu.

Pale inapokwenda vibaya

Tarehe 8 Juni 1966, California. Kampuni ya General Electric ilitaka picha ya ndege tano zenye injini zake zikiwa pamoja: XB-70 Valkyrie, ndege kubwa ya majaribio iliyoundwa kufikia mara tatu ya kasi ya sauti, na pembeni yake F-4, F-5, T-38 na F-104. F-5 ni aina ileile ambayo Kenya imeirusha kwa miongo kadhaa. Ndege ya kamera ilikuwa Learjet, rubani wake huyo huyo Clay Lacy. Chaguo zuri kabisa: kasi inatosha, madirisha yapo, rubani anajua kazi.

Zikaruka hivyo kwa muda mrefu. Kisha F-104 ya Joe Walker, mmoja wa marubani wa majaribio mashuhuri wa wakati wake, ikagusa ncha ya bawa la kulia la Valkyrie. Mabawa ya ndege kubwa hutengeneza kimbunga cha hewa kwenye ncha zake, na ndege ndogo ikiingia humo hupinduliwa. F-104 ilibingirika juu ya mgongo wa Valkyrie, ikang'oa mikia yake miwili. Walker alikufa papo hapo. Rubani msaidizi wa Valkyrie, Carl Cross, alikufa nayo ilipoanguka. Rubani wake, Al White, alifyatuka akaokoka na majeraha. Kamera za Learjet zilikuwa bado zinapiga.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu watu hudhani hatari ya kazi hii iko kwenye ndege ya kamera kuikaribia jeti. Siku ile Learjet ilikuwa mbali na salama. Hatari ilikuwa kwenye kundi lenyewe: ndege za maumbo tofauti, mabawa ya urefu tofauti, moja ikiwa kubwa kupindukia, zikiwa zimebanana ili ziingie kwenye fremu. Tangu hapo watu makini huuliza swali la tatu wanapochagua: je, hizi ndege zinaonana? Rubani wa jeti akiwa mahali pake anaiona ndege ya kamera yote, au inafichwa na bawa? Ndege yenye mabawa juu, kama Caravan, humficha aliye juu yake. Yenye mabawa chini humficha aliye chini. Na ndege ya kamera ikiwa nzito kuliko jeti, kimbunga kile kinamwangukia mgeni.

Kwa kawaida ndege ya kamera ndiyo huongoza. Inakwenda moja kwa moja, kasi ileile, kona pana za taratibu, na jeti ndiyo inayojisogeza. Mmoja tu ndiye anayesogea, wakati wowote. Mpiga picha haongei na rubani wa jeti ovyo. Maneno yote hupita kwa mtu mmoja, na kabla ya kuruka wote wamekubaliana neno la kusimamisha kazi. Likitamkwa na yeyote, hata kama mwanga ndio umefika penyewe, jeti inaondoka upande uliopangwa.

Kamera ni hatari hata bila ndege ya pili. Februari 2014 ndege ya jeshi la anga la Uingereza aina ya Voyager, iliyobeba watu karibu 200 kwenda Afghanistan, ilichomoka ghafla ikashuka zaidi ya mita 1,300 ndani ya nusu dakika. Kamera ya rubani ilikuwa imebanwa kati ya kiti na fimbo ya usukani. Kiti kiliposogezwa mbele, kamera ikasukuma fimbo. Ndege ilijiokoa. Ukiisoma habari hiyo unaelewa kwa nini mkuu wa ndege ya kamera anakukagua mifuko kama askari wa bandarini.

Kwa hiyo unachukua ipi?

Ukinipa 787 mpya, nachukua Learjet au jeti nyingine ndogo ya biashara yenye kamera nje, na sibishani. Ukinipa jeti ya kivita na fedha zipo, L-39 yenye tufe kwa video, na kiti cha nyuma cha ndege ya aina hiyohiyo kwa picha mnato. Jeti ya mafunzo, Skyvan bila kufikiri mara mbili, hata kama wengine watasema ni gari la mkaa. Jeti ndogo ya biashara, King Air inatosha, mradi dirisha lake limesafishwa na mtu anayejua kusafisha plastiki bila kuikwaruza. PC-12 nayo inakaribia, lakini mlango wake haufunguliwi angani hivi hivi, na kuondoa mlango wa ndege yoyote ni jambo la hati za mtengenezaji na kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga. Fundi wa uwanjani hawezi kukuamulia.

Gharama itakusukuma pia. Jeti inayoruka chini na polepole hunywa mafuta kama haina kesho, kwa sababu injini zake ziliundwa kwa ajili ya hewa nyepesi ya juu. Mteja anayekataa kulipia Learjet akidhani atapunguza gharama kwa Caravan ataishia kulipia jeti yake mwenyewe izunguke mara ishirini ikijaribu kupita taratibu, na mwisho hana picha.

Mara nyingine utakapobishana mitandaoni, itazame picha yenyewe kabla ya kujibu. Pua imeinuka sana kuliko mkia, au flapu zimetoka kidogo? Ndege ya kamera ilikuwa polepole. Jeti inakutazama usoni, ikiwa chini kidogo ya jicho lako? Kuna mlango wa nyuma uliokuwa wazi. Ubavu tu, ukiwa na ukungu hafifu wa kijani na alama ya mwanga kwenye kona? Ilipigwa dirishani. Na kama jua linapiga ndege upande wa kushoto huku mawingu chini yana kivuli cha upande huohuo wa kushoto, yule wa tatu alikuwa sahihi, hiyo ni kompyuta.